Metali isiyounganishwa na kitu: mwongozo wa kuweka vijazio kwenye mchoro wa chipu

Ukifungua mchoro wa chipu uliokamilika, ukazima safu zote ukabakiza moja tu ya metali, utaziona njia ulizozichora kwa jasho, na katikati yake maelfu ya viraba vidogo vilivyopangwa kama vigae vya sakafuni. Haviungani na transista yoyote wala havipeleki ishara. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namwelekeza alipoviona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, programu imeharibu kazi yangu?" Alikuwa ameshavichagua vyote, kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta.

Nilimwomba asubiri kidogo, na mwongozo huu umetokana na maelezo niliyompa siku ile. Viraba vile ni metali ya kujazia, kwa kifupi vijazio, na bila hivyo kiwanda kingeukataa mchoro wake. Naandika kwa anayechora kwa vifaa huria: kifurushi cha sheria cha SKY130, ambacho Google na kampuni ya SkyWater ya Minnesota, Marekani, walikiweka hadharani mwaka 2020, na programu za kuchora chipu kama KLayout na Magic. Lakini mambo ni yale yale hata kwa anayetumia programu za kulipia.

Msimamo wangu nautaja mapema. Vijazio ni sehemu ya sakiti yako. Anayeviacha vije vyenyewe siku ya mwisho ameruhusu programu ibadilishe sakiti yake baada ya yeye kumaliza kuipima.

Kwanza uelewe kinachotokea kiwandani

Chipu hujengwa kama ghorofa. Chini kabisa kuna transista, juu yake kihami, kisha safu ya metali, kihami tena, metali tena. SKY130 ina safu tano za metali, ukiacha ile ya chini inayounganisha vitu vilivyo jirani. Chipu za kisasa zaidi zina safu zinazopita kumi. Sakafu ya kwanza ikiwa na vilima na mabonde, ya pili huyarithi, ya tatu huyazidisha. Ndiyo maana kiwanda husawazisha uso kabla ya kuendelea kupanda.

Kile kisahani cha silikoni kinachobeba chipu zote, ambacho mafundi hukiita weifa, hugeuzwa kifudifudi na kukandamizwa juu ya pedi ya poliurithani inayozunguka. Humo hutiririshwa uji wenye kemikali na chembe ndogo sana za kukwangua, mara nyingi za silika. Kemikali inalainisha, chembe zinakwangua. Kazi hii, kusawazisha kwa kemikali na kukwangua, hufupishwa kwa herufi CMP, na IBM ndio walioiingiza kwenye utengenezaji wa chipu katika miaka ya 1980. Kanuni inayoiongoza ni ya zamani zaidi, ilitoka kwa watu wa vioo: mwaka 1927 F. W. Preston alionyesha kwamba kasi ya kuliwa kwa kioo kinachosuguliwa huenda sambamba na mgandamizo ukizidishwa kwa mwendo.

Mgandamizo ndio wenye kesi yetu. Muulize seremala. Ukipiga randa kibao chembamba kikiwa peke yake, kingo na ncha zake huliwa kuliko katikati. Seremala mwenye uzoefu hukibana pamoja na vipande vya mabaki kushoto na kulia, ili randa ikanyage uwanja mpana. Vipande vile havitaingia kwenye meza, vipo ili kuibeba randa tu. Vijazio ni vipande hivyo hivyo, ila kwa tofauti moja ambayo ndiyo imezaa sehemu kubwa ya mwongozo huu: seremala huvitoa vipande vyake akimaliza, lakini vya chipu vinabaki ndani milele.

Sasa tuweke namba. Katika mchakato wa alumini kama wa SKY130, metali hutandazwa, huchongwa kwa plazma (gesi yenye chaji za umeme) hadi zibaki njia, kisha kihami humwagwa juu yake. Kihami hufuata umbo la kilicho chini: penye njia kinainuka, pasipo na njia kinabonyea. Tuseme kinuko, yaani sehemu iliyoinuka, kina urefu wa nanomita 500. Upande mmoja wa chipu metali imefunika asilimia 70 ya eneo, upande mwingine asilimia 20. Penye asilimia 20 vinuko ni vichache, kwa hiyo kila kimoja kinabeba mzigo mkubwa wa pedi na kuliwa upesi. Penye asilimia 70 mzigo umegawanyika, na kazi inakwenda polepole. Vinuko vikishaisha pande zote mbili, uso wa kila upande unaonekana laini, lakini pande hizo haziko kimo kimoja. Tofauti inayobaki ni takriban tofauti ya msongamano (sehemu ya eneo iliyofunikwa na metali) ikizidishwa kwa urefu wa kinuko: 0.5 mara 500, yaani nanomita 250 za kihami.

Hesabu hiyo inatokana na modeli aliyoiandika Duane Boning na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba unaifanya kichwani. Ukinyanyua upande ule mtupu kutoka asilimia 20 hadi 50 kwa vijazio, tofauti inashuka kutoka 250 hadi nanomita 100. Hujagusa hata waya mmoja wa sakiti yako.

Mia mbili na hamsini zina ubaya gani? Mashine ya litografia inayochapisha safu inayofuata ina kina kidogo cha kuona sawasawa, kama kamera iliyosogezwa karibu sana na ua: petali ya mbele iko wazi, ya nyuma imefifia. Uso ukipanda na kushuka, baadhi ya njia zitachapwa zikiwa na ukungu. Vitobo vinavyounganisha safu mbili navyo huchimbwa vyote kwa muda mmoja. Penye kihami kinene kitobo hakifiki chini, penye chembamba kinachimbwa kupita kiasi.

Kwenye shaba mambo hugeuka. Shaba haichongeki vizuri kwa plazma, kwa hiyo mifereji huchimbwa kwenye kihami, shaba hujazwa hadi kufurika, kisha CMP huondoa ya ziada. IBM walitangaza njia hii kwa umma mwaka 1997, na jina lake, damascene, limetokana na mji wa Dameski, kwa mafundi waliochomeka dhahabu na fedha ndani ya chuma. Shaba ni laini kuliko kihami. Njia pana ya shaba hubonyea katikati kama sahani, na eneo lenye njia nyingi zilizobanana humomonyoka lote, shaba na kihami chake. Ndiyo sababu sheria huwa na kiwango cha juu pia, na ndiyo sababu njia pana sana za umeme hutobolewa matundu. Anayedhani kazi ni kuongeza metali tu hajaielewa nusu ya pili.

Kuna na kuchonga kwa plazma: kasi yake hutegemea kiasi cha metali iliyo wazi, kwa hiyo njia iliyo peke yake jangwani hutoka na upana tofauti na mwenzake aliye kwenye kundi. Vijazio vinasaidia hapo pia.

Hatua ya kwanza: soma sheria za msongamano kabla ya kuchora

Kila kiwanda kina hati ya sheria, na kila safu ina namba zake. Tafuta vitu vitano: kiwango cha chini, kiwango cha juu, ukubwa wa dirisha la kupimia (mraba ambamo msongamano huhesabiwa), hatua ambayo dirisha husogezwa, na tofauti inayoruhusiwa kati ya dirisha na jirani yake. Kisha tafuta swali ambalo wengi hulisahau: nani anajaza? Viwanda vingine hujaza vyenyewe baada ya kupokea faili lako, vingine hukuachia wewe. Kama wanajaza wao, bado una wajibu wa kuwaonyesha mahali ambapo hawatakiwi kugusa, nitafika huko.

Angalia pia kama vijazio vina namba yao ya safu. Katika faili la GDS, yaani faili la mchoro linalopelekwa kiwandani, kila umbo hubeba namba mbili, ya safu na ya aina. Metali ya kwanza ya SKY130, kwa mfano, ni 68/20. Vijazio hupewa aina yake ili programu ya kulinganisha mchoro na sakiti isivihesabu kama waya zilizokatika. Ukivichora kwenye aina ya waya za kawaida, utajaza ripoti nzima kwa vipande visivyo na jina.

Kwa mwongozo huu nitatumia sheria ya mfano: chini asilimia 30, juu asilimia 70, dirisha la mikromita 100 kwa 100, hatua ya mikromita 50. Namba zako zichukue kwenye hati yako.

Hatua ya pili: pima kabla ya kujaza

Dirisha likisogezwa nusu kwa nusu, kila sehemu ya ndani ya chipu huhesabiwa katika madirisha manne. Chipu ya milimita 1 kwa 1 inakuwa na madirisha 19 kwa 19, jumla 361, wakati bila kupishana yangekuwa 100 tu. Kupishana huku kuna maana. Eneo tupu linaweza kukaa kwenye mpaka wa madirisha mawili, robo huku robo kule, na yote mawili yakafaulu. Dirisha linalopita katikati yake ndilo litakalolikamata.

Kwenye KLayout, ambayo Matthias Köfferlein ameitunza kwa miaka mingi, kipimo hiki ni mistari michache ya lugha ya ukaguzi:

report("Msongamano")
m1 = input(10, 0)
mpaka = input(99, 0)
kasoro = m1.without_density(0.3 .. 0.7, tile_size(100.um), tile_step(50.um), tile_boundary(mpaka))
kasoro.output("Madirisha ya m1 yaliyo nje ya sheria")

Namba 10 na 99 ni za mfano, weka zako. Usiache neno tile_boundary. Ukiliacha, programu huchukua kisanduku kinachozunguka metali uliyoichora, na kama kona nzima ya chipu haina metali, kona hiyo haitapimwa. Nimeona michoro ikifaulu nyumbani na kuanguka kiwandani kwa sababu hiyo peke yake.

Matokeo yatazame kwa macho, usisome idadi tu. Mara nyingi utakuta mkanda mtupu pembezoni na shimo juu ya sehemu ya analogi. Hayo mawili yanatibiwa kwa njia tofauti.

Hatua ya tatu: weka maeneo ya zuio

Hapa ndipo ninapotaka utulie.

Miaka ya nyuma nilichora kioo cha mkondo, jozi ya transista zinazopaswa kufanana kama mapacha ili mkondo wa moja unakiliwe na nyingine. Nilizipanga kwa ulinganifu, nikaweka transista bandia pembeni, nikafuata vitabu vyote. Kisha nikaendesha kujaza bila kuweka zuio, kwa sababu siku zilikuwa zimebaki mbili. Programu haikujua mapacha ni nini. Iliona nafasi, ikaweka safu ya viraba iliyofunika transista ya kushoto na kuigusa nusu ya kulia. Ripoti za sheria zote zilitoka safi. Chipu ziliporudi, mikondo haikulingana, na ilinichukua wiki kadhaa kufikiri kwamba kosa liko juu ya transista na si ndani yake.

Maelezo yake ni haya. Mwishoni mwa utengenezaji, weifa hupashwa moto kwenye gesi yenye haidrojeni, na haidrojeni hiyo hupenya hadi kwenye mpaka wa silikoni na oksidi kuziba kasoro ndogo. Metali iliyo juu ya transista huizuia njia. Transista iliyofunikwa na isiyofunikwa hazipati dawa sawa, na volteji zao za kuwaka hutofautiana kidogo. Kwa sakiti ya dijitali haina neno. Kwa kioo cha mkondo au jozi ya mwanzo ya amplifaya, kidogo hicho ndicho kila kitu.

Kwa hiyo kabla ya kujaza, chora safu ya zuio juu ya:

jozi zinazopaswa kufanana, pamoja na ukanda wa kutosha kuzizunguka;

indakta (koili za waya), maana mkondo wa masafa ya juu hutengeneza mikondo ya kuzunguka ndani ya viraba, nayo hula nguvu na kushusha ubora wake;

kapasita za usahihi na njia zao;

vipokea mwanga, kama chipu ina hivyo, kwa kuwa kiraba ni kivuli;

na njia za ishara nyeti ambazo umezipimia kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) kwa makini.

Lakini zuio haliondoi sheria ya msongamano. Ukizuia mikromita 100 kwa 100 nzima, umetengeneza dirisha lisiloweza kufaulu. Dawa ni kuchora vijazio vya eneo hilo kwa mkono: viraba vile vile, vikiwekwa kwa ulinganifu, upande wa kushoto uwe kioo cha kulia. Transista moja ikifunikwa robo, mwenzake naye afunikwe robo ile ile. Inachukua saa moja. Mimi sasa huifanya siku ninapochora jozi yenyewe, kabla ya kuunganisha kitu kingine chochote, na nafasi yake ninaitenga tangu mwanzo.

Kwa indakta kubwa ambayo haiwezi kuvumilia viraba, wasiliana na kiwanda mapema. Hati nyingi zina kifungu maalumu cha indakta. Usikisie.

Hatua ya nne: chagua kiraba na umbali wake

Kazi hii huonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua kama utafaulu. Chukua dirisha letu la mikromita 100 kwa 100, eneo lake 10,000 za mraba. Tuseme waya zako zimechukua 1,200, yaani asilimia 12. Unalenga 35 ili uwe na akiba juu ya 30. Unahitaji 2,300 za mraba zaidi.

Ukitumia kiraba cha mikromita 2 kwa 2 na nafasi ya mikromita 1 kati yake, kila kiraba kinamiliki kigae cha 3 kwa 3. Nne juu ya tisa ni asilimia 44.4. Kama baada ya kutoa waya, umbali wa usalama na maeneo ya zuio umebakiwa na 6,000 za mraba, utapata karibu 2,670 za metali, jumla asilimia 38.7. Vizuri. Kama umebakiwa na 4,000 tu, utapata karibu 1,780, jumla asilimia 29.8. Umeanguka kwa sehemu mbili za kumi za asilimia, na programu haitakuhurumia.

Njia ya kwanza ni kukuza kiraba: 3 kwa 3 na nafasi ile ile ya 1 hutoa tisa juu ya kumi na sita, asilimia 56, na dirisha linapanda hadi 34.5. Angalia tu kwamba kiraba kikubwa hakiingii kwenye vichochoro vyembamba, kwa hiyo 4,000 zako zitapungua. Wengi hutumia ukubwa mbili, kikubwa kwanza, kidogo kikafuata kuziba mapengo. Njia ya pili, ambayo mimi huipenda zaidi, ni kupanua njia za umeme na za ardhi (volteji sifuri) zilizopo kwenye dirisha hilo. Hizo ni metali halali zenye kazi: zinapunguza ukinzani na zinahesabiwa kwenye msongamano. Anza nazo kila mara, vijazio vije kumalizia.

Mpangilio nao una siri. Ukivipanga viraba kwa mistari iliyonyooka kama askari, waya wa safu ya juu unaweza kupita juu ya mstari mzima wa viraba, na waya jirani yake ukapita juu ya pengo mwanzo hadi mwisho. Waya mbili zilizochorwa sawa zinabeba kapasitansi tofauti. Kwa hiyo kila mstari wa viraba husogezwa kidogo, kama matofali ya ukuta yanavyopishana viungo. Ukisogeza kwa nusu mikromita kila hatua, kigae kinakuwa 9.25 badala ya 9 na msongamano unashuka hadi asilimia 43.2. Ni bei ndogo.

Hatua ya tano: jaza

nafasi = mpaka.sized(-5.um) - m1.sized(1.um) - zuio
kigae = fill_pattern("KIJAZIO_M1").shape(10, 1, box(0.um, 0.um, 2.um, 2.um))
nafasi.fill(kigae, hstep(3.um, 0.5.um), vstep(-0.5.um, 3.um))

Mistari hii huingia kwenye faili la ukaguzi lile lile, ila ondoa ule wa report ili matokeo yaandikwe kwenye mchoro wenyewe, na uwe umesoma safu ya zuio kwa input kama nyingine. Magic, ambayo ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980 mikononi mwa John Ousterhout na wanafunzi wake, ina utaratibu wake wa kujaza uliokwisha kuandaliwa kwa SKY130. Ukiutumia, safu zote hujazwa kwa pamoja.

Mikromita 1 kati ya kijazio na waya ni ya mfano. Hati itakupa kiwango cha chini, nami nashauri uzidishe pale penye nafasi. Hifadhi vijazio kama seli moja (kipande cha mchoro chenye jina) inayorudiwa kwa mistari na nguzo, usiache viraba laki tatu vikaandikwa kimoja kimoja, maana faili litavimba hadi lishindwe kufunguka kwenye kompyuta ya kawaida. Na viweke kwenye seli yake yenyewe, kando na kazi yako. Ukihitaji kurekebisha waya kesho, unafuta seli moja na kujaza upya.

Hatua ya sita: toa kapasitansi upya

Kutoa kapasitansi ni kuikokotoa kutoka kwenye mchoro wenyewe. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Fikiria waya mbili zinazokwenda sambamba, mikromita 5 kati yake, na kijazio chenye upana wa 3 kimewekwa katikati. Kijazio ni metali, volteji haishuki ndani yake. Kihami kilichobaki kati ya waya mbili ni mikromita 1 kila upande, jumla 2 badala ya 5. Kwa hesabu ya haraka ya bamba sambamba, mahali hapo kapasitansi kati ya waya hizo imepanda mara mbili na nusu. Kwa uhalisi kingo na mapengo hupunguza ukali huo, lakini mwelekeo ni huo: kijazio kisichounganishwa na kitu huzisogeza waya karibu bila wewe kuzisogeza. Ishara ya saa (mapigo yanayoongoza mwendo wa sakiti) ya upande mmoja inaanza kunong'ona kwenye waya wa jirani.

Unaweza kuviunganisha vijazio na ardhi. Hapo waya hazisikilizani tena kupitia kijazio, lakini kila waya sasa unabeba mzigo zaidi kuelekea ardhini, na unahitaji vitobo na njia za kuvifikia viraba vyote. Kwa dijitali ya kawaida, acha vielee, yaani visiunganishwe na kitu, ni rahisi na programu zimezoea. Karibu na sakiti nyeti, funga na ardhi, kwa kuwa mzigo unaojulikana ni bora kuliko mnong'ono usiojulikana unatoka wapi.

Vyovyote utakavyochagua, endesha utoaji wa kapasitansi ukiwa na faili lililojazwa, kisha rudia majaribio ya muda na ya amplifaya. Hakikisha programu yako ya utoaji inasoma ile aina ya vijazio. Nyingine hazisomi mpaka uziambie, na matokeo yake yatafanana neno kwa neno na ya kabla ya kujaza. Ukiona namba hazijabadilika hata kidogo, usifurahi, rudi ukaangalie mipangilio.

Hatua ya saba: kagua kwa mashine, kisha kwa macho

Rudia kipimo cha msongamano cha hatua ya pili, safari hii metali na vijazio vikiunganishwa kuwa safu moja. Endesha sheria zote za mchoro, maana viraba navyo vina upana na nafasi zake. Endesha ulinganisho na sakiti ili uthibitishe hakuna kijazio kilichogusa waya mbili.

Baada ya hapo, tembea kwenye mchoro mwenyewe. Nenda juu ya kila jozi pacha uhesabu viraba kushoto na kulia. Nenda kwenye kona nne za chipu. Nenda kwenye pedi za kuunganishia nje. Halafu safu moja moja kutoka juu kwenda chini, kwa sababu jicho lililozoea metali ya kwanza husahau ya tano.

Ukikuta dirisha moja bado limeanguka, usiongeze viraba kwa mkono hapo ulipo na kuondoka. Tafuta nini kilichozuia: zuio pana kuliko inavyohitajika, umbali wa usalama uliozidi, au kiraba kikubwa kwa kichochoro hicho. Rekebisha chanzo, ifute seli ya vijazio, jaza upya yote, na urudi hatua ya sita. Yule mwanafunzi wangu alizunguka mara nne kati ya hatua ya tano na ya saba. Mara ya nne dirisha lililobaki lilikuwa juu ya kioo chake cha mkondo, asilimia 27. Alikaa akachora viraba kumi na viwili kila upande kwa mkono wake, akavihesabu kwa sauti, kisha akaniita nikavihesabu na mimi.